Mafuta ya kupaka fanicha za mbao: mi nasema Osmo, na uchukue kopo dogo

Malalamiko yenu karibu yote yanafanana, fundi kakutolea meza safi ya mninga, ukanunua mafuta ukapaka mwenyewe, wiki imepita bado inanata na vumbi limeshika. Kunata mara nyingi ni kupaka mazito bila kufuta yanayobaki juu, hilo tumemaliza. Rangi na mng'ao utajaribia kwenye kipande cha mbao. Mi nataka tuongelee kopo lenyewe, maana hakuna anayeliuliza dukani. Haya mafuta yanakauka kwa kukutana na hewa, kwa hiyo ukishafungua tu yanaanza kukaukia humo humo ndani, kwanza yanafanya ngozi juu, baadaye yanakuwa kama jeli na hela yako imeenda.

Ndo maana namba moja kwangu ni Osmo Polyx-Oil ya Ujerumani, naipenda na sifichi. Ni mafuta ya mimea na nta, unapaka koti (tabaka) mbili nyembamba basi, chai ikimwagika unafuta, na kubwa zaidi wanatengeneza kopo la lita 0.375. Lita moja inafunika kama mita 24 za mraba kwa koti moja, na uso wa meza ya watu sita haufiki hata mita 2, sasa muuzaji anakusukumia la lita 2.5 la nini jamani? Eti ukipiga hesabu kwa lita ni nafuu, hakwambii kwamba mengi yatagandia stoo! Wengine la dogo hawaleti kabisa, au wanakupimia kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, hujui yamefunguliwa lini wala yametiwa tina (thinner ya kuzimulia) kiasi gani. Hii inaniuma kweli.

Ya pili ni tung safi, mafuta ya mbegu za mti wa tung, yanastahimili maji ila yanataka subira. Ya tatu Danish oil, mchanganyiko wa mafuta na vanishi, kupaka ni rahisi, ila kila kiwanda na mchanganyiko wake, soma kopo.

Linsidi, mafuta ya mbegu za kitani, ni rahisi bei, chukua iliyoandikwa boiled, yaani iliyotiwa dawa ya kukausha haraka, mbichi inachelewa mno kukauka na huku Pwani inashika ukungu. Mafuta ya kupikia acha jikoni.

Yakibaki, tumbukiza gololi safi kwenye kopo mpaka mafuta yapande juu kabisa hewa isipate nafasi, ndo ufunge. Na matambara ya kupakia msiyarundike, yanajipasha joto yenyewe mpaka yanawaka moto, yatandazeni nje moja moja au yalowekeni kwenye maji, hasa kama kuna watoto nyumbani.