Tathmini: sanamu ya kiwiliwili cha binadamu, baada ya muhula mmoja darasani

Mwezi Januari nilinunua katika duka moja la vifaa vya shule jijini Mbeya sanamu ya plastiki ya kiwiliwili cha binadamu, yenye urefu wa sentimita 42 na vipande 13 vinavyochomolewa, kwa shilingi 145,000. Ninafundisha sayansi katika shule ya msingi wilayani Rungwe, ambako somo la mifumo ya mwili lilikuwa likitegemea michoro ya ubaoni na, siku za bahati, matumbo ya mbuzi tuliyoletewa na mzazi mwenye bucha. Sanamu hii imetumika muhula mzima, na ninaandika kwa ajili ya walimu wenzangu wanaofikiria kuwachangisha wazazi fedha kama hizo.

Nguvu yake kubwa ni kuonyesha mahali kila kiungo kinapokaa. Mchoro wa ubaoni hupanga viungo kama sahani kabatini, lakini hapa mtoto hana budi kuchomoa mapafu ndipo aufikie moyo, na kuondoa ini na mfuko wa chakula ndipo alione kongosho lililojificha nyuma. Mtengenezaji hakukosea hata katika mambo madogo: pafu la kulia limegawanyika sehemu tatu na la kushoto sehemu mbili, kwa kuwa moyo umeegemea upande huo na kulinyang'anya nafasi. Figo ya kulia nayo iko chini kidogo kuliko ya kushoto, jambo ambalo wanafunzi wangu walilibaini wenyewe na kudhani kwamba sanamu ina kasoro, mpaka waliporudisha ini mahali pake wakaona linavyoisukuma. Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Katika sanamu hii limekuwa dogo kama andazi, na hilo ni tatizo la ukubwa wa sanamu ambalo mwalimu hulitatua kwa maneno.

Utumbo haunipendezi. Mwembamba na mpana vimeunganishwa katika kipande kimoja kigumu, hivyo mtoto haoni kwamba utumbo mwembamba ukinyooshwa hufikia mita 6 hivi. Nilipima kamba ya urefu huo nikainyoosha barazani kutoka mlango wa darasa moja hadi mwingine, na kwa kweli kamba ile ilifundisha kuliko plastiki.

Kuhusu ubora wa kazi sina mengi ya kusema: rangi haijabanduka, lakini kipini kinachoshikilia moyo kilivunjika wiki ya tatu, na duka lilikataa kukibadilisha. Kijitabu chake ni cha Kiingereza kitupu, kwa hiyo majina ya Kiswahili tuliyaandika wenyewe kwenye vipande vya karatasi, na bandama ndiyo iliyozua kicheko, maana wengi waliijua kwenye sufuria tu.

Udhaifu mkubwa hujitokeza mwalimu anapotoka kwenye viungo na kuingia kwenye mifumo. Moyo unafunguka na vyumba vyake vinne vinaonekana vizuri, lakini mishipa imekatwa karibu na mahali inapoanzia, na mwanafunzi mmoja aliniuliza damu ikifika pale kwenye kikonyo huenda wapi. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takriban lita 5 kwa dakika, kiasi kinachokaribia damu yote aliyo nayo mwilini, na mzunguko huo hauwezi kuonekana katika kitu kisicho na mikono wala miguu. Vivyo hivyo figo zipo, ila mirija ya kupeleka mkojo kwenye kibofu imechorwa kwa rangi tu. Ilinibidi nieleze kwa mdomo kwamba figo huchuja takriban lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote kwenye damu, na kinachobaki ni lita moja au mbili za mkojo. Hapa kwetu Tukuyu, mwezi Juni, hakuna mtoto asiyejua kwamba baridi humtoa mtu nje mara nyingi zaidi.

Lakini pengo ambalo siwezi kulivumilia liko shingoni. Koromeo lipo, tezi ya thairoidi haipo. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyosumbuliwa sana na rovu, kwa sababu udongo wa milimani una upungufu wa madini joto, na tezi inapoyakosa hushindwa kutengeneza homoni yake ya kutosha, kisha huvimba katika kuhangaika kuyatafuta. Chumvi iliyoongezwa madini hayo ilipoenea kuanzia miaka ya 1990 hali ilibadilika sana, ila wapo wanafunzi wangu ambao bibi zao bado wana uvimbe ule. Kuwaletea watoto wa huku sanamu isiyo na tezi hiyo ni kuwaruka hapo hapo wanapotaka kuuliza.

Kwa bei hiyo ningeinunua tena, kwa ajili ya kifua na tumbo. Mwenye uwezo wa kupata ile ya sentimita 85 aikague shingo kabla ya kulipa. Sisi, kwa kuwa tezi ya thairoidi ina umbo la kipepeo, tulifinyanga kipepeo kidogo cha udongo tukakibandika mbele ya koo. Kimekwisha kukauka na kupasuka mara mbili, na sasa tupo kwenye cha tatu.