Baskeli za kukodi Shimanami Kaido, Japani

Jamani mie mtu wa Jambiani, Zanzibar, baskeli nimeizoea tangu skuli, lakini hii safari ya Shimanami Kaido mashaallah imenikaa rohoni. Njia yenyewe km 70 hivi, Onomichi mpaka Imabari, inapita visiwa sita vilounganishwa na madaraja, na chini kuna mstari wa buluu yaani hata kama hujui neno la Kijapani hupotei, unaufuata tu, huku bahari huku mashamba ya michungwa na milimau.

Nilikodi Onomichi asubuhi, unavuka na kivuko dakika chache ushafika Mukaishima, kisiwa cha kwanza, ndo unaanza. Mie niliogopa madaraja maana yako juu khasa, kumbe njia ya kupandia wameizungusha taratibu, mapafu hayachoki. Siti tu ndo ilikuwa inashuka kila baada ya muda, nikasimama mara tatu kuikaza, kwahiyo iangalieni kabla hamjaondoka.

Kilichonifurahisha kuliko vyote unaweza kuiacha baskeli kituo chengine. Sikutaka kukimbizana, niliishia kisiwa cha Ikuchijima, hata nusu sikufika, nikala aiskrimu ya limau nikakaa pwani naangalia maji yametulia kama ya Chwaka asubuhi, halafu nikarudi zangu na boti.

Natamani wanaokodisha baskeli kwetu waanze hivi, uchukue Jambiani, upite Paje na Bwejuu kwa raha zako, uiache Michamvi. Mteja wa kwanza mie.