Hita ya jua ya lita 200, mirija 20, isiyo na presha: tathmini kabla fundi hajapanda juu ya paa

Unaijua kwa sura hata kama hujawahi kuitumia: tangi la mviringo limelala juu ya paa, na chini yake safu ya mirija myeusi ya kioo. Nairobi, Eldoret na Arusha zimejaa nazo. Tunazungumzia ile isiyo na presha, yaani maji huteremka kwa uzito wake tu bila kusukumwa na pampu, yenye lita 200 na mirija 20, ambayo madukani hupendekezwa kwa familia ya watu wanne hadi sita. Hukumu yetu ni kwamba ni mashine nzuri kwa bei yake, hasa sehemu za baridi, ila haina uvumilivu hata kidogo na mgao wa maji. Ukisikia mtu analalamika kuhusu yake, mara nyingi tatizo liko kwenye mabomba na tangi la maji baridi. Jua halijakosea.

Mrija mmoja ni vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, kipenyo milimita 58 na urefu milimita 1,800. Hewa iliyokuwa kati yao imenyonywa ikaisha, na kioo cha ndani kimepakwa tabaka jeusi la kunyonya mwanga. Maji hukaa ndani ya mrija wenyewe. Yakipata moto huwa mepesi na kupanda tangini, ya baridi hushuka kushika nafasi yake, na mzunguko huo huendelea mchana kutwa bila pampu wala umeme. Kwa sababu joto halina hewa ya kupitia ili litoroke, upepo wa Limuru au Njombe hauiathiri sana hita hii. Mawingu ni jambo jingine. Siku ya Julai ambayo Nairobi haioni jua tangu asubuhi hadi jioni, utapata maji ya vuguvugu tu, na muuzaji anayekuambia "inafanya kazi hata kukiwa na mawingu" anakupa nusu ya habari.

Dukani angalia ncha ya chini ya kila mrija. Pana doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Likiwa la fedha, ombwe (ule utupu usio na hewa kati ya vioo) lipo. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeshaingia na mrija huo umekufa, hata kama hauna ufa unaoonekana. Usikubali hata mmoja wa namna hiyo, na rudia ukaguzi mzigo ukishafika nyumbani, maana barabara zetu tunazijua.

Uzito hupuuzwa sana. Kila mrija hubeba karibu lita 2.7, kwa hiyo mirija 20 inaongeza zaidi ya lita 50 juu ya zile 200 za tangi. Maji peke yake yamefika kilo 250; ongeza chuma na kioo, unapita kilo 300. Paa la mabati halibebi hivyo. Miguu ya stendi ikae juu ya kenchi, yaani fremu kuu za mbao zinazobeba paa, na ni bora kulaza vipande vya chuma cha pembe vinavyovuka kenchi tatu ili mzigo usambae. Fundi akitaka kufunga stendi kwenye papi (mbao nyembamba zinazoshikilia mabati) tu kwa misumari ya bati, mshushe.

Kuhusu mwelekeo, Nairobi iko karibu mno na ikweta kiasi kwamba kaskazini au kusini si hoja kubwa. Kinachofaa ni kuepuka kivuli cha mti na cha ghorofa la jirani. Mbeya, iliyo karibu nyuzi 9 kusini, elekeza kaskazini. Popote ulipo, mirija isilale kabisa: bila mwinamo wa kutosha maji ya moto hayapandi vizuri, na uchafu hukaa juu ya kioo mvua isiuoshe.

Tuje kwenye pesa, ambapo hesabu za wauzaji huwa tamu kupita kiasi. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 18 hadi 58 kunahitaji uniti 9.3 za umeme. Muuzaji huzidisha kwa siku 30, anapata uniti 280 kwa mwezi, na anakuonyesha kwamba hita itajilipa upesi. Lakini ni nani anayemaliza lita 200 za nyuzi 58 kila siku? Watu wanne, kila mmoja akioga lita 35 za nyuzi 40, wanatumia uniti 3.6 kwa siku, yaani kama 107 kwa mwezi. Hicho ndicho unachokwepa kulipa ikiwa leo unaoga kwa shawa ya umeme ile inayofungwa kichwani mwa bomba, kwa kuwa haipotezi kitu ikiwa imezimwa. Tanzania, kwa mteja wa kawaida wa LUKU (umeme wa kulipia kabla) anayelipa karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 38,000 kwa mwezi. Kenya bei hubadilika kila mwezi, hivyo chukua ujumbe wako wa tokeni, gawa pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata. Tuseme umepata shilingi 28. Uniti 107 ni karibu shilingi 3,000. Jua likibeba asilimia 80 ya mzigo huo, unaokoa 2,400 kwa mwezi, na kama hita pamoja na ufundi imekugharimu 120,000, pesa itarudi baada ya miezi 50. Mwenye hita ya tangi la umeme inayowashwa mchana kutwa yuko pazuri zaidi: tangi hilo hupoteza joto saa zote, matumizi yanaweza kufika uniti 5.5 kwa siku, na kwa bei zilezile hita ya jua inarudisha gharama katika miezi kama 32. Fanya hesabu hii kwa tarakimu zako kabla ya kusikiliza za mtu mwingine.

Na moshi je? Umeme mwingi wa Kenya unatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mabwawa na upepo wa Turkana, kwa hiyo kuacha shawa ya umeme hakupunguzi hewa chafu kama inavyotangazwa. Faida iko zaidi jioni, wakati mahitaji yanapanda na mitambo ya mafuta inaitwa kusaidia. Kwa Tanzania, uniti unayookoa huenda ingetoka kwenye gesi au kwenye bwawa la Julius Nyerere. Nyumba inayopasha maji kwa mkaa ndiyo yenye hadithi tofauti. Ndoo ya lita 20 iliyopandishwa nyuzi 30 kwenye jiko la kawaida hula kama theluthi ya kilo ya mkaa, na watu wanne ni zaidi ya kilo moja kila siku. Hapo mfuko na msitu vinapumua pamoja.

Sasa adui mkubwa wa hita hii. Maji yakikatika na tangi likaisha, mirija mitupu juani hupanda kupita nyuzi 200. Saa saba mchana mgao unarudi, maji ya nyuzi 18 yanaingia kwenye kioo hicho, na mirija inapasuka mmoja baada ya mwingine. Kwa vile kila mrija uko wazi kuelekea tangini, mmoja tu ukivunjika tangi zima linamwagika kupitia hapo, na maji ya simtanki yanafuata. Kwa hiyo koki ya kufunga maji yanayoingia kwenye hita ifungwe mahali unapofikia ukiwa umesimama chini. Hita ikishakauka, usiijaze mchana. Ngoja usiku uingie au alfajiri. Kama huna budi, ifunike kwa turubai au blanketi mpaka mirija ipoe.

Kinga bora inapangwa kwenye simtanki lenyewe. Bomba la kulisha hita litolewe chini kabisa, na bomba la matumizi mengine ya nyumba litolewe sentimita 20 juu yake. Kwenye simtanki la lita 1,000 lenye upana wa mita 1.1, hizo sentimita 20 ni karibu lita 190 ambazo choo na jikoni haziwezi kuzigusa. Mabomba ya nyumba yakikauka, hiyo ndiyo kengele yako: acha kufungua maji ya moto. Weka pia valvu ya njia moja kwenye bomba la baridi linaloingia, la sivyo maji ya hita hurudi kinyumenyume na kutokea kwenye koki za chini.

Hita hii haivumilii pampu. Tangi lake la ndani ni bati jembamba la chuma kisichoshika kutu, na presha ya pampu ya nyongeza hulivimbisha hadi maungio yaachie. Bomba la pumzi la juu, linalotoa hewa na mvuke tangini, libaki wazi daima, na lipande sentimita 30 hivi kupita usawa wa maji ya simtanki. Likiwa chini ya hapo, litatiririsha maji paani usiku kucha. Simtanki likiwa juu sana, tumia tangi dogo lenye floti pembeni mwa hita. Mtiririko bafuni utategemea kimo tu. Kila mita moja ya kimo ni sehemu ya kumi ya bar (kipimo cha presha), kwa hiyo wale wenye ndoto za shawa pana ya hotelini watafute mfumo mwingine.

Mabomba ya moto yawe PPR, yale ya plastiki ya kuunganishwa kwa moto, ya daraja la presha la PN20. Hata hiyo haikusudiwi kukaa kwenye maji yanayokaribia kuchemka, na maji hayo utayapata familia ikisafiri wiki nzima ya jua kali, hivyo mita moja au mbili za kwanza kutoka tangini ziwe za shaba. Usikubali bomba pana kuliko inavyotakiwa: PPR ya milimita 25 hushika lita 0.22 kwa kila mita, na bafu lililo mita 20 kutoka kwenye hita linakumwagia zaidi ya lita 4 za baridi kabla ya moto kufika. Ile ya milimita 20 hushika 0.14 tu. Sponji ya kufunikia bomba huliwa na jua upesi. Izungushie utepe wa alumini.

Elementi ya umeme ya akiba ina faida, ila si kwa namna mafundi wengi wanavyoiacha. Ikiwa kwenye thamostati bila taima, itapasha maji alfajiri na jua likichomoza halina kazi ya kufanya. Iwekee taima iwake saa kumi na mbili jioni, baada ya jua kumaliza zamu yake. Elementi ya wati 1,500 inahitaji kama saa tatu kupandisha lita 200 kwa nyuzi 20. Nyumba yenye watoto iwe na valvu ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi, kwani siku ya jua kali maji ya nyuzi 80 ni jambo la kawaida.

Kwa maji ya kisima, tarajia ukoko mweupe wa chokaa ndani ya mirija na matope chini yake. Fungua na uoshe kila mwaka. Maji yenye chumvi, kama ya visima vingi vya pwani, hutoboa tangi polepole, na fimbo ya magnesiamu ndani yake, inayoliwa badala ya tangi, inapaswa kukaguliwa kila mwaka na kubadilishwa ikibaki waya. Dar es Salaam na Mombasa, kusema kweli, paneli bapa ya shaba inafaa zaidi: hewa ya nje ina joto, ombwe halikuongezei mengi, na shaba huvumilia kukaukiwa. Wenye pampu na mgao wa mara kwa mara watafute ile ya presha yenye vijiti vya shaba ndani ya mirija mikavu. Ni ghali zaidi, lakini mrija ukivunjika hakuna tone linalotoka.

Ukiamua kununua hii, chukua mirija miwili ya akiba na mipira yake ya kuzuia maji yasivuje siku hiyohiyo, na upime: wa milimita 58 kwa 1,800 wa mtengenezaji mwingine kwa kawaida utaingia, wa 47 kwa 1,500 hauingii. Wakati wa kufunga, mirija ikae ndani ya boksi hadi zamu yake, ncha ilowekwe maji ya sabuni, kisha isukumwe kwa kuzungusha. Fundi asipake grisi wala mafuta ya gari, maana mpira wa silikoni huvimba na baada ya miezi kadhaa huanza kudondosha.