"Ulileta stelingi, hukuleta umeme"

Nilijiambia nisubiri hasira ipoe ndipo niandike kuhusu gereji iliyonitengenezea stelingi. Umepita kama mwezi na nusu, haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Gari ni Hilux dabo kebini, ya kazi. Msimu wa zabibu inabeba kreti kutoka Mpunguzi kuja mjini Dodoma, nje ya msimu inabeba chochote kinacholipa, na ndugu wasiolipa. Stelingi ilikuwa na pley: unazungusha usukani kidogo, tairi hazijibu, na ukipita kwenye tuta kuna kitu kinagonga chini ya goti, ko, ko. Mafundi watatu waliniambia jambo lile lile, krosi ya stelingi, kile kiungo kinachopinda kwenye mhimili wake, imekwisha. Nikaona hiyo si kazi ya kumpelekea fundi wa chini ya mti. Nikaipeleka gereji yenye geti, bango na vijana wa ovaroli za rangi moja. Hilo la chini ya mti naomba mlikumbuke.

Wakakaa nayo siku mbili. Walishusha kolamu yote ya stelingi, yaani mhimili wa usukani na vyote vinavyouzunguka, wakafunga krosi mpya, wakarudisha. Laki na themanini ya ufundi, kifaa nilinunua mwenyewe. Na niseme haki, ingawa inanikera kuisema: stelingi ilipona. Haigongi, haina pley, nyepesi. Ningeandika jioni ile ningewapa nyota zote na moja ya kuazima.

Kitu kimoja tu. Gari ikienda sawa, usukani umeinama kushoto, kama mtu anayesikiliza. Nikamwambia kijana. Akasema, "Utaizoea, bosi."

Siku ya tatu au ya nne hivi, honi ikalia yenyewe nikikata kulia. Mlio mfupi, nikadhani nimebonyeza kwa kiganja. Kona nyingine ya kulia, tena. Kushoto, kimya. Nikawa najiambia nitairudisha gereji wiki ijayo, na kabla wiki hiyo haijafika tukapata msiba wa mjomba.

Jeneza tulipakia kwenye gari yangu kwenda kuzika Mvumi. Waombolezaji nyuma wanaimba, mama mdogo kakaa mbele na mimi, kajitanda khanga. Kila kona ya kulia, honi. Mama mdogo alinyamaza kona tatu za kwanza. Ya nne akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huyo unayempigia honi ni nani?" Nilikosa jibu. Kuingia nyumbani kwa marehemu ni kona ya kulia, kali, na pale honi haikutoa mlio mfupi. Ililia kuanzia njiani mpaka uani. Nikazima gari. Ikaendelea, maana honi ya gari ile haingoji funguo. Wazee waliokaa chini ya turubai wakasimama mmoja mmoja. Mpaka nilipokumbuka kunyoosha usukani ndipo ikanyamaza, na nyimbo nazo zilikuwa zimekatika. Mzee mmoja akasema, si kwa ukali, "Kijana, hata huyu ana haraka?"

Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na mimi nimewahi kuanguka jukwaani.

Kurudi mjini mambo yakaongezeka. Nikipita kwenye matuta, dashibodi inazima: mishale yote inalala, indiketa zinakufa, halafu zinarudi. Nikitaka kusafisha kioo, maana vumbi letu mnalijua, waipa hazijibu. Halafu siku moja honi ikanyamaza kabisa, hata ukiibonyeza, na taa nyekundu ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukukinga kwenye ajali, ikawaka, ikagoma kuzima. Mimi kwa ujinga wangu nikafurahia ukimya wa honi.

Nikaenda gereji. Msimamizi alikuwa anakunywa chai na chapati juu ya boneti ya gari ya mtu. Nikamsalimia, nikamweleza yote, pamoja na la msibani. Akanisikiliza akitafuna. Akauliza:

"Stelingi inagonga?"

"Haigongi."

"Ina pley?"

"Haina."

"Basi, kaka. Ulileta stelingi, hukuleta umeme."

Vijana wakacheka. Nikamwambia honi ilikuwa nzima siku naiingiza gari getini kwake. Akanyoosha mkono dirishani, akabonyeza, kimya. "Si umesema inalia?" Wakacheka tena. Nawaambia ukweli, pesa ningesamehe. Waya ningesamehe. Kile kicheko cha pili bado nakisikia nikilala.

Akamwita "kijana wa umeme". Kijana akafungua boksi la fyuzi, akaona ya waipa imekatika, akaweka mpya, ikakatika pale pale. Fundi yeyote akiona hivyo anajiuliza waya umegusa wapi. Yeye akatoa ile ya njano, ya ampea 20, akachomeka ya kijani, ya ampea 30. "Hii haikatiki," akasema, kwa fahari. Bila shaka haikatiki! Fyuzi imewekwa iungue yenyewe kabla waya haujaungua. Ukiweka kubwa, unaubebesha waya kazi ya kuungua. Mimi mbeba zabibu nalijua hilo leo, wao wenye ovaroli hawalijui. Wakanidai elfu ishirini ya kufungua na kufunga. Sikuwa nayo mfukoni, wakaniandika kwenye daftari.

Sikufika mbali. Karibu na Kizota nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, inatoka magotini. Nikapaki kwa fundi wa kwanza niliyemwona, na ndiyo, alikuwa chini ya mti. Mwarobaini. Mzee mmoja, redio, na testa aliyoitengeneza mwenyewe kwa balbu na nyaya mbili.

"Mbukwa," nikamwamkia kwa Kigogo, nikijipendekeza. Akaitikia, akauliza swali ambalo gereji nzima haikuniuliza: "Nani ameifungua mwisho, na alifungua wapi?"

Nilipotaja stelingi hakugusa honi wala waipa. Alichomoa waya wa negativu wa betri, akaniambia tukae kwanza. Kwenye gari yenye eabegi, anasema, unangoja angalau sekunde 90 umeme uliobaki uishe, ndipo unagusa usukani. Kule hawakuchomoa kitu, niliwaona kwa macho yangu wakigongagonga huku redio ya gari inaimba. Alipofungua kava, hakuhitaji hata testa. Waya wa waipa ulikuwa umebanwa kati ya kolamu na bati inayoishikilia, umechubuka, na kwa ile fyuzi ya kijani ganda lake limeanza kuyeyuka. Soketi ya swichi ya funguo ilikuwa imechomekwa nusu. Akaisukuma kwa kidole gumba, ikalia ka! Kidole kimoja. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa dashibodi yangu.

Kabla ya kuutoa usukani akaweka alama ya rangi kwenye mhimili na kwenye usukani, ili urudi jino lile lile, kisha akahesabu meno ya kuusogeza ukae sawa. Waya wa honi ulikuwa umelaliwa na usukani. Akanifafanulia kwamba kitufe cha honi hakipeleki umeme, kinaugusisha tu ule waya na bodi ya gari, kwa hiyo popote utakapogusa chuma honi itadhani umebonyeza. Kulia ulikuwa unavutika unagusa, kushoto unaachia. Na klok springi, ule utepe wa waya uliojiviringisha nyuma ya usukani, hawakuuweka katikati. Tairi zinatakiwa ziwe zimenyooka, unauzungusha utepe taratibu mpaka ugome, unaurudisha nusu ya mizunguko yake, ndipo unafunga usukani. Wao walifunga tu. Nikikata kulia mpaka mwisho ulikuwa unavutwa kupita urefu wake, mpaka ukakatika, na honi na eabegi zinapita humo humo.

Yaani nimekwenda Kibaigwa na kurudi, malori yananipita ubavuni, eabegi ya dereva haina mawasiliano, na mimi nashukuru honi imenyamaza!

Klok springi ya mtumba ilitoka Dar kwa basi, elfu tisini. Mzee alichukua elfu thelathini, akanirudishia na fyuzi ya njano. Taa ya eabegi imezima.

Sasa kuhusu gereji. Nilitaka kumaliza kwa kusema: kwa stelingi nendeni, krosi wanajua kuifunga, ila kagueni honi, indiketa na waipa kabla hamjatoka getini. Hata nyota mbili nilishaziandika. Nimezifuta. Mtu anayeshusha kolamu iliyojaa nyaya halafu anasema nyaya si kazi yake hajui stelingi, amebahatisha krosi. Lakini haigongi, ni kweli. Nyota moja, kwa ajili ya krosi.

Juzi msimamizi kanipigia simu. Nikadhani anaomba radhi, nikajiandaa hata kuwa mpole. Anadai elfu ishirini yake ya kufungua na kufunga. Nimemwambia aje Mvumi kwa mama mdogo, ndiye anayeitunza.