Trekta ndogo yenye loda ya mbele: ipi ununue Uganda

Muulize muuzaji trekta ipi inafaa kubeba samadi, mchanga na maramu, naye atakutajia hospawa. Lakini hospawa ni za kuvuta jembe na trela. Loda, yaani mikono ya mbele yenye ndoo, inainuliwa na mafuta ya haidroliki: shinikizo lake ndilo linaloamua utainua kilo ngapi, na lita ambazo pampu inasukuma kwa dakika ndizo zinazoamua utainua kwa kasi gani. Trekta ya hospawa 35 yenye pampu nzuri inaipita ya 50 yenye pampu dhaifu, siku nzima.

Kwenye karatasi ya loda tafuta namba moja kabla ya zote: uzito inaoinua hadi juu kabisa, ukipimwa milimita 500 mbele ya pini zinazoshika ndoo. Matangazo hupenda kuandika uzito uliopimwa kwenye pini zenyewe kwa sababu ni mkubwa zaidi, ila mzigo wako haukai kwenye pini, unakaa mbele yake, na huko uwezo unaweza kupungua kwa robo. Ukifunga uma wa kubebea mizigo mahali pa ndoo unapungua tena. Sasa linganisha na kazi yako. Ndoo ya lita 300 ikijaa mchanga uliolowa hukaribia kilo 550. Samadi kavu ya ng'ombe haifiki nusu ya hapo. Mfugaji wa Kiruhura na mchota mchanga wa Lwera hawahitaji loda moja.

Ya kwanza kwangu ni trekta ndogo ya hospawa 35 hadi 45, inayovuta kwa magurudumu yote manne, yenye loda iliyotoka kiwandani pamoja nayo. Kubota L3901 na loda yake ya LA525 ni mfano mzuri: karibu kilo 510 kwenye pini, na kimo cha takriban mita 2.4. Pima bodi ya lori lako kabla ya kufurahia kimo hicho, kwa sababu ndoo ikiinama kumwaga, mdomo wake hushuka chini ya pini. Chagua yenye gia ya haidrostatiki, inayokwenda mbele na nyuma bila kukanyaga klachi, au angalau wenzo wa kubadilisha mbele na nyuma. Kazi ya loda ni kwenda na kurudi mamia ya mara kwa siku, na klachi ya kawaida haidumu kwa mwendo huo.

Ya pili ni trekta ndogo zilizotumika kutoka Japani, za hospawa 20 hivi. Zinapita mlango wa banda la kuku la Wakiso, hazichimbi uwanja, na mafuta zinakunywa kidogo. Mzigo wake ni mwepesi, kwa hiyo usizipeleke machimboni. Nyingi zilitengenezwa kwa soko la Japani, spea zake hazifanani na za modeli zinazouzwa rasmi. Pata kwanza fundi mwenye spea, ndipo utoe pesa.

Ya tatu, kukodi. Kama una lundo moja la samadi kila msimu, kodi bekho (mashine ya kuchimba na kuchota) siku moja na ununue ng'ombe kwa pesa iliyobaki.

Ya mwisho naiweka trekta inayovuta kwa magurudumu ya nyuma tu, mfano Massey Ferguson 240, iliyochomelewa loda Katwe, mtaa wa mafundi chuma Kampala. Mafundi wa Katwe ni hodari na chuma chao ni kizito. Tatizo liko kwenye trekta. Pampu yake ya ndani haifikishi lita 20 kwa dakika, na inazungushwa kupitia klachi ya piti-o (shafti ya nyuma inayozungusha zana): ukikanyaga klachi hadi chini, ndoo inasimama hewani. Eksele ya mbele nayo iliundwa kubeba injini na usukani. Ukiiongezea nusu tani, usukani unakuwa mgumu na ncha za eksele hukatika. Kama ndiyo uliyonayo, mwambie fundi afunge pampu ya pili inayozungushwa na injini moja kwa moja, usukani wa haidroliki, na fremu ya loda ifike hadi eksele ya nyuma badala ya kuishia kwenye injini.

Loda yoyote utakayochukua, nunua na uzito wa nyuma. Sanduku la zege kwenye mikono mitatu ya nyuma, ile ya kufungia jembe, linatosha, au jaza maji robo tatu ya matairi ya nyuma. Bila uzito huo magurudumu ya nyuma yananyanyuka, na kwenye miteremko ya Kabale au Kasese trekta inapinduka na dereva wake. Ndoo iliyojaa itembee chini, karibu na ardhi, na trekta iwe na fremu ya kumkinga dereva.

Siku ya kujaribu, usikubali kuonyeshwa ndoo tupu. Panga ndani yake mifuko ya saruji ya kilo 50, ikaribie uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya loda bila kuuzidi. Inua hadi juu injini ikiwa na kasi ya kazi, kisha ishushe hadi kimo cha goti, zima injini na weka alama kwenye silinda. Hakikisha hakuna mtu anayepita chini. Baada ya dakika kumi, ikiwa imeshuka sana, mafuta yanapita ndani ya vali au silinda, na hayo matengenezo yatolewe kwenye bei. Kisha tingisha ndoo kwa mkono usikie uchakavu wa pini, na umulike tochi pale fremu inaposhikana na trekta: rangi mpya mahali hapo peke yake mara nyingi imefunika ufa.