Feni belti ya chapa ya Bando kwenye IST: ile ya zamani haikuwa na ufa hata mmoja

Toyota IST yangu, injini 1NZ-FE, ilianza kulia asubuhi nikiwasha, na nikifungulia AC ndiyo inapiga yowe hadi mlinzi wa geti anageuka. Fundi wa kwanza aliipindua belti kwa vidole, akasema haina ufa, nzima kabisa, kisha akataka kuipaka sabuni. Nikamkatalia. Sabuni hunyamazisha kwa muda tu, na belti ikizoea kuteleza hapo haidumu.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa Ilala, aliirushia maji kidogo injini ikiwa inaunguruma. Kelele ikazidi. "Kaka, hii inateleza. Ingenyamaza kidogo halafu irudi, ningekwambia puli hazijakaa mstari mmoja." Akazima gari, akaitoa, akanionyesha upande wa mbavu. Belti za zamani za neoprini (aina ya mpira) zilikuwa zinachanika, ndiyo maana mafundi wengi bado wanatafuta ufa. Za sasa za mpira wa EPDM hazichaniki kirahisi, zinalika taratibu kama soli ya kiatu: mifereji inapanuka, belti inazama kwenye puli, inakosa mshiko. Ukiiweka pembeni ya mpya ndipo unaona.

Mpya nimenunua Gerezani, Bando, kwa Sh 25,000. Zipo za bei chini ya hapo, sikuzitaka, maana belti hii ndiyo inazungusha alteneta inayochaji betri, pampu ya maji na kompresa ya AC. Ikikatika safarini taa ya betri inawaka, na muda si mrefu injini inachemka. Nendeni na ya zamani mkononi au msome namba ya mgongoni: 6PK1230, kwa mfano, ni mbavu sita na urefu wa milimita 1230. Na mtu akitaka kukuuzia taiming belti ya 1NZ, muage. Injini hiyo inatumia cheni badala yake.

Kabla ya kufunga, mzee alizungusha kila puli kwa mkono kusikiliza beringi. Hapo ndipo alipopata hela yake kihalali.

Kelele imekwisha, AC naifungulia bila wasiwasi. Kasoro ni moja: 1NZ haina tensiona ya kujikaza, yaani kifaa cha kuikaza belti chenyewe, na belti mpya hulegea kidogo ikishaanza kazi. Muuzaji hakulitaja hilo. Nilirudi kwa mzee, akalegeza bolti za alteneta, akaivuta, akakaza tena, bila kunitoza hela.