Sudoku za vizimba na vipimajoto: nyota ngapi?

Karibuni tena jamani. Leo nina kitabu cha sudoku, yale mafumbo ya kujaza 1 hadi 9 bila kurudia kwenye mstari, safu wala boksi la visanduku tisa, ila hizi zimeongezewa sheria. Nimekaa nacho wiki nzima, na kama mnavyoona, kurasa zimechakaa kwa kifutio.

Tuanze hapa. Mnaona? Gridi haina tarakimu hata moja, ni vizimba tu, yaani visanduku vilivyozungushiwa mstari pamoja, kila kizimba na jumla ya tarakimu zake kwenye pembe. Litazameni boksi hili la juu kushoto. Vizimba vitatu vimelifunika lote: 11, 24 na 17. Jumlisha, unapata 52. Lakini boksi la sudoku lina 1 hadi 9, na hizo jumla yake ni 45, hakuna siku itakuwa nyingine. Sasa kuna kisanduku kimoja tu cha kizimba hiki kilichochungulia nje ya boksi. Ni 7. Hakuna ubishi! Nilipoliona nilicheka peke yangu. Huyu mtunzi amekufungia milango yote akaacha mmoja, na ufunguo wake ni ile sheria mpya yenyewe.

Vipimajoto sasa, ile michoro yenye duara upande mmoja. Tarakimu zinapanda kutoka kwenye duara hadi nchani, kwa hiyo chenye visanduku sita, duara lake halivuki 4. Safi. Ila nikafanya uchokozi: nikajifanya sivioni, nikacheza sudoku ya kawaida. Fumbo likaisha lote! Basi vile vipimajoto vimechorwa vya nini?

Maana sheria ikipangwa vizuri ina nguvu ajabu. Sudoku ya kawaida haiwezi kuwa na jibu moja tu kama umepewa tarakimu chini ya 17. Hilo lilithibitishwa mwaka 2012. Lakini mwaka 2020 Mitchell Lee alitunga moja yenye tarakimu mbili tu. Mbili! Aliongeza kwamba tarakimu zinazofanana zisiwe umbali wa hatua ya farasi wala ya mfalme wa sataranji, na zinazofuatana, kama 3 na 4, zisigusane ubavu kwa ubavu. Basi.

Haya, ukurasa wa mwisho, ulionikera. Hivi visanduku vinne, kama pembe za mstatili: 4 na 9 tu, mistari miwili, safu mbili, maboksi mawili. Nikizibadilishanisha hivi... bado sawa. Majibu mawili! Nyota tatu, na ya nne ingepatikana kama mtu angelicheza hili kabla halijapelekwa kuchapwa.